Fundi Nuhu Ajifunza Kulala Chini

Vita vilipita karibu na fundi Nuhu mara nyingi bila kumfanya kitu. Kilichomuumiza mgongo ni gurudumu la lori. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, saa za adhuhuri, lori la mawese lilipopasukiwa gurudumu karibu na soko la Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, na kwa kuwa mji ulikuwa umezoea kuuamini kila mlio, mji wote ulikimbia. Wenye watoto walibeba watoto, wenye mbuzi walivuta mbuzi. Nuhu alikuwa fundi cherehani, na binti yake wa pekee, Nadia, alikuwa ameshaolewa na kuhamia Kigoma, kwa hiyo akabeba cherehani. Hakubeba kichwa cha cherehani tu kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya. Aliibeba nzima, na meza yake, na miguu yake ya chuma.

Alifika nayo mpaka ufukweni, ambako watu walikuwa wamesimama maji yakiwafika magotini, wakingoja kuuawa. Hapo akatokea dereva wa lori kuuliza kama kuna mtu mwenye jeki. Watu wakacheka, wakatoka majini, wakarudi kupika. Nuhu hakucheka kwa sababu alikuwa hawezi kuitua cherehani. Ilibidi wanaume wawili waipokee, na alipobaki mikono mitupu, mgongo ulikuwa umeshajifunga. Alirudi nyumbani amenyooka, kwa hatua fupifupi, na waliomwona njiani walidhani anaringa.

Tangu siku hiyo aliweza kutembea polepole na aliweza kukaa kwenye kiti kilichonyooka. Kuinama hakuweza, kulala hakuweza. Alisali akiwa kitini. Usiku alilala akiwa kitini pia, mto huku na mto huku, na mkewe Mwanahamisi alilala peke yake kitandani akimsikiliza akikoroma wima. Kushona aliweza, kwa hiyo wateja walimwambia ana bahati.

Mahali pengine mtu asiyeweza kulala chini ni mgonjwa wa mgongo tu, watu humpa pole na mambo yakaisha. Rumonge ya miaka ile ilikuwa na habari nyingine. Risasi zilitoka upande wa milimani, na nyumba nyingi za mtaa wa Waswahili zilikuwa za matofali ya udongo ambayo risasi huyapita bila kubisha hodi. Chini tu, kwenye msingi wa mawe, ndiko kulikokuwa na usalama. Kwa hiyo mlio ukisikika, kila mtu alijitupa sakafuni. Watoto walilijua hilo kabla ya kujua kunawa mikono. Jirani yao Kabwe alidai hata mbuzi wake hulala, na hakuna aliyembishia.

Aliyechelewa alikuwa Lukeba, seremala wa upande wa pili wa barabara. Siku moja alisikia mlio akiwa anakula, akasema amalize kwanza. Walimkuta amekaa palepale kwenye kigoda chake, tonge mkononi, na ukutani nyuma yake kuna tundu ambalo ungeweza kuliziba kwa kidole. Baada ya Lukeba hakuna aliyemaliza kwanza.

Nuhu mwenyewe alisema siku ya mtu ikifika imefika, awe amekaa au amelala, na alilisema kwa utulivu mkubwa mbele ya watu. Shida yake haikuwa hapo. Shida yake ilikuwa Mwanahamisi.

Mara ya kwanza milio iliposikika baada ya mkasa wa cherehani, Mwanahamisi alijitupa sakafuni kama kawaida. Akatazama juu. Akamwona mumewe amekaa kitini, mikono juu ya mapaja, anangoja. Mwanahamisi akainuka, akajifuta vumbi, akavuta kigoda, akakaa kando yake. Alikuwa muuzaji wa ndagala, akizinunua alfajiri kwa wavuvi na kuzianika, na siku hiyo ungo ulikuwa karibu. Akaupakata, akaanza kuchambua.

Nuhu akamwambia alale chini. Mwanahamisi akasema hapana. Nuhu akamwamuru kama mume, kisha akamsihi, kisha akamtishia talaka. Mwanahamisi akamuuliza kama talaka yenyewe angeitoa akiwa amekaa hivyohivyo.

“Mi silale chini nikikuangalia uko juu peke yako,” alisema. “Siku utalala, tutalala.”

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Majirani wote wakiwa wamelala kifudifudi, wawili hao walikaa sebuleni bega kwa bega, kimya, kama wageni waliofika mapema harusini. Mwanahamisi alichambua ndagala, akatupa changarawe huku na vichwa huku, na mkono wake haukutikisika. Nuhu aliutazama mkono ule akaona ameoa mwanamke asiyejua woga. Yeye alikuwa akiogopa. Alimwogopea mkewe. Aliiona risasi ikimpita yeye na kumpata Mwanahamisi, na aliona jinsi watu watakavyosema ni vita vilivyomuua, naye pekee atajua kwamba ni mgongo wake. Aibu ya jambo hilo ilimkosesha usingizi, na usingizi wa kitini si mwingi hata kwa mtu mwenye amani.

Dawa alijaribu. Aliumikwa kwa pembe mpaka mgongo ukawa na alama za duara kila mahali. Alisuguliwa kwa mawese yaliyotiwa pilipili, akanukia kama jikoni kwa wiki nzima. Daktari alimpima, akampa vidonge, na akamshauri apumzike kwa kulala chali. Nuhu alimshukuru sana.

Habari za Chanceline zililetwa na Wema, mke wa mchungaji wa Wakongomani, aliyekuwa akinunua ndagala kwa Mwanahamisi. Chanceline alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, aliyevuka ziwa mwaka uliotangulia, vita vilipoanza huko kwao. Ujanani alifanya kazi Bujumbura, kwa Mhindi mwenye duka la vitenge, akilea watoto. Katika nyumba ile kulikuwa na bibi mzee sana ambaye kila asubuhi alitandika mkeka na kujikunja na kujikunjua. Kwanza Chanceline aliitwa kumshika miguu. Baadaye bibi akamtaka afanye naye, kwa sababu hakupenda kujikunja peke yake. Wakafanya hivyo kwa miaka mingi. Jambo lenyewe liliitwa yoga, na bibi yule, kwa maneno ya Chanceline, alikufa akiwa ananyooka vizuri.

Sasa Chanceline aliwafundisha wanawake wa pwani ya Rumonge, ambao shingo na viuno vyao vilikuwa vimekakamaa kwa kulala na nguo zao zote mwilini na masikio wazi. Walikutana kwenye hangari, ghala la mawese lililokuwa limebaki tupu, kwani malori yalikuwa hayapendi tena barabara ya Bujumbura. Mwanahamisi alimweleza mumewe yote hayo. Nuhu alijibu kwamba yoga ni ya wanawake na Wahindi. Mwanahamisi akasema sawa, akarudi kwenye ndagala zake.

Siku chache baadaye, jioni, milio ikaja tena na ikakaa muda mrefu. Wawili wakakaa kama desturi yao. Risasi moja ikapita ukuta wa sebule juu ya vichwa vyao, ikapita ukuta wa jikoni, ikavunja mtungi wa maji. Maji yakaanza kuingia sebuleni. Mwanahamisi alitazama maji, akainuka, akaenda kuchukua tambara, akarudi akafuta sakafu risasi zikiendelea, akalikamua tambara nje ya mlango, akakaa tena kwenye kigoda. Asubuhi yake Nuhu aliuliza hangari iko wapi.

Kabla ya kwenda alipitia kwa sheikhe, maana hakutaka kujikunja mgongo na dini kwa pamoja. Sheikhe aliuliza kama mle ndani kuna sanamu. Nuhu akasema amesikia kuna mapipa. Sheikhe akauliza wanasoma nini. Nuhu akasema hawasomi, wanapumua. Sheikhe alifikiri sana. Mwishowe akatoa jibu kwamba kupumua hakujakatazwa, ila Nuhu asitumie mswala wake kwa kazi hiyo, na asitazame wanawake. Kisha, alipokuwa akimsindikiza mlangoni, akamuuliza kwa sauti ndogo kama mambo hayo yanasaidia na magoti.

Hangari ilinukia mawese, na sakafu yake ilikuwa na utelezi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Wanawake walikuwa wametandika mikeka, na wengine yale maturubai waliyopewa na wafadhili. Walivaa suruali za waume zao ndani ya vitenge. Nuhu alikuwa mwanamume pekee. Chanceline aliposikia sharti la sheikhe, alimweka Nuhu mbele kabisa, uso ukutani, na Mwanahamisi kando yake ili amweleze yanayotokea. Ndivyo Nuhu alivyoanza kujifunza yoga akitazama doa la mafuta.

Wanawake walikuwa na maneno mengi siku ile kwa sababu ya mwanamume kuwamo. Chanceline akawasihi wanyamaze, hawakusikia, akapiga kofi moja kubwa la mikono.

Nuhu alisikia mshindo nyuma yake, kisha kimya. Kugeuka kwake kulikuwa kwa mwili mzima, kidogo kidogo, kwa hiyo ilichukua muda. Alipomaliza kugeuka aliona darasa zima limelala kifudifudi, mikono juu ya vichwa. Mwanahamisi naye alikuwa chini, kisha akamkumbuka mumewe, akaanza kuinuka. Hata Chanceline alikuwa ameshapiga goti moja kabla ya kujua kwamba kofi lilikuwa lake mwenyewe. Waliobaki wamesimama ni Nuhu na mapipa.

Chanceline alimtazama, akamtazama mkewe aliyekuwa anainuka kuja kusimama kando yake, na hakuhitaji kuelezwa.

“Papa Nuhu,” alisema, “sasa nimeona kitu kimekuleta.”

Hakupiga tena makofi darasani. Siku zote baada ya hapo alisema tu, kwa sauti ya chini, tuanze.

Walianza na kupumua. Nuhu alijiona analijua hilo tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kumsifia kwa ajili yake. Chanceline akasema avute pumzi ifike mpaka mgongoni. Nuhu akasema kwa heshima kwamba pumzi yake haiendi huko, inaishia kifuani kama ya watu wengine. Chanceline akasema itafika, doucement, polepole. Mwanahamisi akaambiwa aweke kiganja chake mahali panapouma, na Nuhu apumue mpaka akiinue kile kiganja. Alijaribu. Kiganja hakikuinuka, lakini kilikuwa na joto, na ilikuwa muda mrefu tangu mkewe amguse mahali hapo bila pilipili.

Katika mikao mingine darasa lilikuwa na vipaji vya ajabu. Chanceline alipowaambia walale kwa tumbo, walilala vizuri mno. Hakuna hata kisigino kilichobaki juu. Hapo alitaka kila mtu ainue kifua taratibu, kama nyoka anayechungulia, na hapo ndipo pakawa na mgomo. Hakuna aliyeinua. Wema alimweleza kwa niaba ya wote kwamba wameshajifunza kutoinua kifua, na waliowafundisha hawapendi utani. Chanceline akafikiri, akasema basi wainue kiasi cha ukucha tu. Wakakubaliana kwenye kidevu.

Mkao wa mwisho ulileta shida kubwa zaidi. Bibi wa Kihindi alikuwa akimaliza kila asubuhi kwa kulala kama maiti, na Chanceline, ambaye hakuona ubaya wowote, aliwaambia hivyohivyo: sasa mulale kama maiti. Waislamu wakalala ubavu wa kulia na kuelekea kibla, kwa sababu maiti halali vingine. Wakristo wakalala chali, mikono imekunjwa kifuani. Mama mmoja akauliza kama afunge macho mwenyewe au afungwe na mwingine. Chanceline alitembea kati yao akiwaomba walegeze mikono, wafungue viganja, na kila aliyemgusa alikuwa mgumu kama ubao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akiigiza mtu anayemjua.

Mwanahamisi alikuwa wa kwanza kuinuka.

“Mama Chanceline, murakoze, asante sana,” alisema. “Lakini hii mambo mi nimeikimbia miaka yote hii. Siwezi kuja kuifanya kwa hiari yangu.”

Wengine nao wakainuka. Chanceline alisimama katikati ya hangari, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetaka kulia. Akasema basi, walale kama mtu ameshiba. Jambo hilo likajadiliwa kidogo. Mama mmoja alisema itabidi akumbuke kwanza. Lakini wakalala, wakafungua viganja, na baada ya muda hangari nzima ikawa inapumua kwa pamoja, na wawili watatu wakasinzia. Nuhu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, uso ukutani, akiwasikiliza. Aliwaonea wivu.

Aliendelea kwenda. Chanceline alimpa mazoezi yake peke yake, ya kuegemea pipa, ya kukunja goti moja huku mkono uko ukutani, ya kuteremsha kiuno nusu ya njia na kurudi. Mjini walimtania. Kabwe alimuuliza kama sasa atashona na vitambaa vya Kihindi. Nuhu alimwomba amletee suruali yake ile yenye kiraka aishone upya bila kiraka kuonekana, na kwa kuwa Kabwe aliipenda sana suruali ile, utani ukaisha.

Ikaja siku Chanceline akamwambia apige magoti kwenye mkeka, akalie visigino, kisha ainame mbele pole pole mpaka paji la uso liguse chini. Aliuita mkao wa mtoto. Nuhu alishuka. Pumzi zilimtoka na kurudi, na mgongo ulilia kama mlango mbovu lakini ukafuata. Paji la uso likagusa mkeka. Tangu siku ya cherehani alikuwa akisujudu kwa kuinamisha kidevu akiwa kitini, na sasa sakafu ilikuwa hapa, na harufu yake, na ubaridi wake. Alikaa hivyo mpaka Chanceline akauliza kwa wasiwasi kama papa yuko sawa. Alikuwa akilia. Hata hakusingizia harufu ya mawese, ingawa ingemfaa.

Kutoka mkao ule kwenda kulala ilikuwa safari fupi, lakini yenye vituo. Magoti, viganja, paji la uso, kisha kiwiko, kisha bega, kisha nyonga, kisha ubavu. Kila kituo kilikuwa na pumzi yake ya kuvuta na ya kutoa, na Chanceline alikuwa mkali katika hilo kuliko askari wa kizuizi cha barabarani. Alisema akiruka pumzi mgongo utajifunga katikati ya njia na hapo hata yeye hatamsaidia. Nuhu alimwamini nusu. Asubuhi moja nyumbani akajaribu kwa haraka, na mgongo ukajifunga akiwa kwenye magoti na viganja, katikati ya sebule. Mteja aliyekuja kuchukua shati alimkuta hivyo. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, mteja akalitafuta shati lake mwenyewe, akaaga, akaenda. Mwanahamisi aliporudi kutoka ufukweni ndiye aliyemnyoosha. Tangu hapo Nuhu hakuruka pumzi hata moja, ingawa kituo cha mwisho, ubavu, bado kilimshinda, na usiku aliendelea kulala kitini.

Basi siku ikafika. Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Nuhu alikuwa akishona sketi za shule na Mwanahamisi alikuwa amebandika maharage jikoni. Milio ilianza bila kujitangaza kwa mbali kama ilivyozoea. Ilianza karibu, nyuma tu ya nyumba za juu, na mtaa ukaanguka chini wote kwa wakati mmoja. Walisikia nyumba ya Kabwe ikijitupa chini, watu na sufuria.

Mwanahamisi alikuja mbio kutoka jikoni. Alikwenda kwenye kigoda chake bila kufikiri, na alikuwa ameshakivuta alipomwona mumewe anainuka kutoka kwenye cherehani.

“Lala,” Nuhu alimwambia. “Nakuja.”

Mwanahamisi hakulala. Alisimama mbele yake, akampa mikono yote miwili, na Nuhu akaanza kushuka. Goti la kwanza, akavuta pumzi, akatoa. Kitu kilipiga bati la paa, kikaondoka nalo kipande. Goti la pili. Hapo ndipo Nuhu alipogundua kosa ambalo wote watatu, yeye na mkewe na Chanceline, hawakuwahi kulifikiria darasani. Mwanahamisi akiwa amesimama alikuwa juu zaidi kuliko alivyokuwa akikaa kwenye kigoda. Kujifunza kwake kote kulikuwa kumemnyanyua mkewe. Alitaka kujitupa chini kama gunia, potelea mbali, na Mwanahamisi akaliona hilo usoni mwake.

“Usiruke pumzi, Baba Nadia,” alisema.

“Mama Nadia, lala.”

“Vuta kwanza.”

Akavuta. Viganja vikafika chini. Udongo wa ukuta ulimmwagikia shingoni, na tundu jipya likaingiza mwanga sebuleni. Paji la uso. Kiwiko. Mwanahamisi sasa alikuwa ameinama, mkono wake mmoja uko mgongoni pake, palepale, na Nuhu akapumua mpaka mkono ule ukainuka. Bega. Nyonga. Akatoa pumzi ya mwisho, ubavu ukalala juu ya saruji, na shavu pia. Alikuwa chini. Alikuwa amelala chini, nyumbani kwake, kama watu.

Mwanahamisi akalala kando yake, uso kwa uso, karibu mpaka pumzi zao zikachanganyika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya cherehani wawili hao kulala pamoja. Nuhu alitaka kutabasamu. Alitaka kumwambia unaona. Lakini aliona kidevu cha mkewe kinacheza. Kisha mabega. Kisha Mwanahamisi alitetemeka mwili mzima, meno yakagongana kwa sauti, na mikono yake, ile mikono iliyochambua ndagala na kukamua tambara risasi zikipita, ikashika shati la Nuhu kifuani ikalikunja mpaka kifungo kikatoka.

Nuhu alidhani amepigwa. Alimpapasa kichwa, shingo, bega, akitafuta damu. Hapakuwa na damu.

“Wapi?” alimuuliza. “Wapi?”

“Hapana,” alisema Mwanahamisi. “Naogopa.”

Nuhu hakuelewa. Alimwambia kwamba sasa wako chini, kwamba sasa ndiyo afadhali.

“Naogopaka,” alisema Mwanahamisi, na maneno yalikatika kwa meno. “Kila siku. Tangu ile siku ya kwanza, kwenye kigoda. Nilikuwa nafikiri nitajikojolea.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungefanya nini? Ulikuwa umekaa.”

Nuhu aliifunika mikono ile kwa kiganja chake. Alifikiria siku zile zote alipomtazama na kumwona jasiri, na alivyojivunia hata mbele ya Kabwe. Mwanamke huyu alikuwa ameushikilia mwili wake kwa nguvu zote ili yeye asiwe peke yake pale juu, na yeye akadhani ndivyo alivyoumbwa. Moyo ulimuuma kuliko mgongo ulivyowahi kumuuma. Akamvuta kifuani, polepole kwa sababu ya nyonga, akamwambia basi aogope. Akamwambia aogope yote. Mwanahamisi akaogopa yote, kwa sauti, akilia kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa, na Nuhu akamshikilia na hakumwambia anyamaze.

Milio ilipungua, ikasogea upande wa Minago, ikaisha. Mlango wa Kabwe ukafunguliwa. Watu wakaanza kuitana kutoka nyumba hadi nyumba, kama walivyofanya kila mara, ili kujua nani yupo.

“Mzee Nuhu!” Kabwe aliita kupitia ukutani. “Mama Nadia! Muko?”

Nuhu alifungua mdomo kujibu, lakini Mwanahamisi alitangulia. Sauti yake ilikuwa imejaa machozi na haikujificha.

“Tuko bazima,” alisema. “Tumelala.”

Sauti ya Kabwe ikasogea karibu zaidi na ukuta.

“Wote?”

“Wote wawili.”

Jikoni maharage yalikuwa yanaanza kuungua. Walisikia harufu wote wawili, na hakuna aliyeinuka.